Trekta la sura ya kale larejea Ulaya, Kasese halikuondoka

Mwezi Julai mwaka 2020, kampuni ya Massey Ferguson ilizindua trekta jipya, MF 8S, linaloundwa mjini Beauvais nchini Ufaransa. Lina nguvu za farasi zaidi ya 200, lina kompyuta na skrini, na chumba cha dereva kimetenganishwa na injini kwa nafasi ya sentimita 24 ili joto na mtikisiko visimfikie anayeendesha. Kilichovuta macho zaidi, hata hivyo, ni uso wake. Wasanifu walilipa boneti ya kingo zilizonyooka na mstari ubavuni, wakikumbusha matrekta ambayo kampuni hiyo hiyo iliyauza miongo kadhaa iliyopita. Wenyewe waliuita mtindo huo "Neo-Retro", yaani uzamani uliofanywa upya.

Mkulima wa Kitswamba, kando ya barabara itokayo Kasese kwenda Fort Portal, hana haja ya kuelezwa uzamani huo una sura gani. Trekta jekundu lenye boneti ya pembe nne ni sehemu ya mandhari ya Uganda, kama ulivyo mti wa kivuli mbele ya duka. Hulima msimu ukianza, huvuta trela la mahindi msimu ukiisha, na katikati ya misimu hubeba mchanga na matofali.

Tofauti ni kwamba Ulaya umbo la kale ni vazi, na aliyelinunua anajua kuwa ndani yake mna mtambo wa karne hii. Magharibi mwa Uganda umbo limekuwa likisomwa kama taarifa: boneti fulani ina maana ya pampu fulani, vipuri fulani, na fundi fulani anayeijua. Siku hizi taarifa hiyo haiaminiki tena kwa macho peke yake, na kwa mtu aliyeweka shamba rehani ili apate mkopo, kosa la kusoma sura linaweza kugharimu misimu kadhaa.

Chuma kitupu chavishwa bati

Matrekta ya mwanzo hayakuwa na sura. Fordson, lililoanza kuundwa na Henry Ford kwa wingi mwaka 1917, lilikuwa injini iliyotiwa magurudumu: tangi la mafuta juu, mabomba wazi, na kiti cha chuma nyuma kilichomrusha dereva kila alipopita kwenye tuta. Hakuna aliyeona kasoro katika hilo, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia ng'ombe wa kulimia awe na nakshi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1930 nchini Marekani, wakati mdororo wa uchumi ulipowafanya watengenezaji watafute kila njia ya kumshawishi mnunuzi. Kampuni ya John Deere ilimwendea msanifu wa New York, Henry Dreyfuss, mtu aliyejulikana kwa kubuni simu za mezani. Mwaka 1938 matrekta yake ya Model A na Model B yalitoka yakiwa yamevishwa bati jembamba lililofunika rejeta. Mwaka uliofuata International Harvester ilitoa matrekta mekundu ya Farmall yaliyosanifiwa na Raymond Loewy, mzaliwa wa Ufaransa. Yalikuwa mazuri kutazama, lakini wembamba wa boneti ya Dreyfuss ulikuwa na kazi pia, maana dereva aliweza kuona mstari wa mazao mbele yake bila kuchungulia pembeni. Usanifu bora wa trekta tangu wakati huo umekuwa wa namna hiyo, uzuri unaofuata kazi.

Kijivu cha Ferguson, kifaru cha Kongwa

Jina lililobadilisha mambo zaidi ni la Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland. Trekta lake la TE20 liliundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Yote yalikuwa na rangi moja, kijivu. Ferguson hakuwa mtu wa mapambo. Ubunifu wake ulikuwa nyuma ya kiti: mikono mitatu ya kushikia jembe, inayoinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya haidroliki, na inayorekebisha kina chenyewe udongo unapokuwa mgumu. Kwa mpango huo uzito wa jembe ulilisaidia trekta kushika ardhi badala ya kulivuta nyuma, na trekta dogo likaweza kazi ya kubwa. Januari 1958 matrekta madogo ya Ferguson yalimfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini. Karibu kila trekta la shambani duniani leo, liwe la India, Uchina au Marekani, limebeba mikono hiyo mitatu.

Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa ikishuhudia wazo la kinyume kabisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kukosa matrekta mapya baada ya vita, wakuu wa mradi walinunua mitambo iliyotumika, na vifaru vya kijeshi aina ya Sherman vikabadilishwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mtambo ulikuwa mzito na wa kutisha, lakini mizizi ya mibuyu na udongo unaokauka kama sementi haukutishika. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wanahistoria huutaja kama somo la mipango mibovu, na ndivyo ulivyokuwa. Kwa anayefuatilia usanifu, ni pia kisa cha mashine iliyobuniwa kwa ajili ya udongo mwingine na kazi nyingine, ikaletwa shambani kwa sababu tu ilikuwepo.

Boneti ya pembe nne

Ferguson na kampuni ya Massey-Harris ziliungana mwaka 1953. Rangi ya kijivu ikaanza kuchanganywa na nyekundu, na Desemba 1964 ikatangazwa familia mpya iliyotupa mviringo wa zamani: mfululizo wa 100, wenye mwanawe maarufu, MF 135. Boneti yake ilikuwa sanduku lenye pembe. Chini yake kulikuwa na injini ya Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu, yenye nguvu za farasi zipatazo 45. Mwaka huo huo Ford nayo ilitoa matrekta ya buluu ya kizazi kipya, yenye pembe vilevile. Enzi ya mviringo ilikuwa imekwisha.

Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Oktoba 1962. Serikali ya wakati huo iliweka matumaini makubwa katika kilimo cha mashine: mashamba ya vikundi yalianzishwa kuanzia mwaka 1963, na huduma ya kukodisha matrekta ya serikali ikapanuliwa. Katika tambarare ya Kasese, iliyokuwa tayari na reli tangu 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, miaka hiyo ya 1960 ndiyo iliyoleta mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, unaotumia maji yanayoshuka kutoka Rwenzori. Pamba ilikuwa zao la fedha. Mashamba ya vikundi hayakudumu, na machafuko ya miaka ya 1970 yaliacha mitambo mingi ikiota kutu. Jambo moja lilibaki: mafundi waliokwisha kujifunza kufungua na kufunga injini ile ya silinda tatu, na wakawafundisha wengine.

Hapo ndipo pa kuelewa kwa nini sura hii haikuondoka. Boneti ya pembe nne ni bati lililokunjwa kwa mistari iliyonyooka, na ikigonga mti fundi wa bati huweza kuinyoosha kwa nyundo na gogo. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika, isiyohitaji kompyuta kuizungumzisha. Injini ikigoma, fundi husikiliza, hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, na hujua silinda ipi imelala. Wapo wanaodhani kuwa mkulima wa Afrika hung'ang'ania trekta la zamani kwa sababu ya umaskini tu. Sababu hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni hesabu: mashine inayoweza kutengenezwa jioni hiyo hiyo ni bora kuliko mashine yenye nguvu maradufu inayosubiri mtaalamu kutoka Kampala, zaidi ya kilomita 300.

Na mtambo wenyewe haukufa. Massey Ferguson ilikuwa imetoa leseni kwa viwanda vya nje, kikiwemo cha TAFE kilichoanzishwa mwaka 1960 huko Madras, India, na cha Millat kilichoanzishwa mwaka 1964 huko Lahore, Pakistan. Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwishoni mwa 2002 baada ya kutoa matrekta zaidi ya milioni tatu, lakini Lahore iliendelea kuunda MF 240, ndugu wa karibu wa MF 135, na kuyauza hadi Afrika. Mahindra ya India nayo ilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano na International Harvester, ikiunda trekta la B-275 lililobuniwa Uingereza. Kwa hiyo trekta "jipya" linaloshushwa leo kutoka meli mjini Mombasa linaweza kuwa na nasaba ya zaidi ya miaka 60.

Pua iliyovimba

Ulaya na Amerika Kaskazini, wakati huohuo, zilikwenda njia nyingine, na mara nyingi sheria ndiyo iliyoongoza. Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1959, kulazimisha kila trekta jipya liwe na kinga ya kumlinda dereva linapopinduka. Uingereza ilifuata kwa matrekta mapya mwaka 1970. Kutoka kwenye fremu ya chuma kukazaliwa chumba kizima, kisha vioo, kisha kiyoyozi, na trekta likaanza kufanana na nyumba ndogo iliyopandishwa juu ya magurudumu.

Kisha zikaja sheria za moshi. Kiwango cha sasa cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika 2019, kinataka vichujio vya masizi, mitungi ya kemikali na vihisi vingi, na vyote hivyo lazima vikae mahali fulani. Boneti zikavimba. Ili dereva asizibwe macho, wasanifu waliziteremsha mbele na kuzibana katikati, na hapo ndipo ulipotoka uso ule wa ukali wenye taa zilizokazwa kama macho ya mwewe. Majina makubwa ya usanifu wa magari yaliitwa kusaidia: Giugiaro kwa Deutz-Fahr na Lamborghini, Pininfarina kwa Zetor ya Jamhuri ya Czech, ambayo mfano wake ulionyeshwa Hanover, Ujerumani, mwaka 2015.

Uchovu wa ukali huo ndio uliofungua mlango wa kurudi nyuma. New Holland, iliyorithi matrekta ya Fiat, ilitoa toleo maalumu la rangi ya udongo wa kuchoma, rangi ya Fiat ya zamani, kuadhimisha miaka 100 tangu trekta la kwanza la Fiat. Massey Ferguson ikaja na 8S. Mauzo ya kumbukumbu si jambo la ajabu. Mkulima wa Ulaya anayenunua mashine ya bei ya nyumba alipanda trekta la babu yake akiwa mtoto, na kampuni inajua hivyo. Ila ndani ya boneti ile hamna chochote ambacho babu yule angekitambua, isipokuwa mikono mitatu ya Ferguson kule nyuma.

Sura mpya, moyo wa zamani

India, linakotoka kundi kubwa la matrekta yanayonunuliwa au kugawiwa Uganda, imefanya kinyume cha Ulaya. Kule injini mpya imevishwa sura ya zamani. Huku injini ya zamani imevishwa sura mpya: boneti iliyochongoka, stika za miali ya moto, taa za kisasa, na chini yake pampu ile ile ya kimakanika. Kanuni za moshi za India zinachangia. Kuanzia Januari 2023 kiwango kikali kimewekwa kwa matrekta yenye nguvu za farasi zaidi ya 50, huku yaliyo chini ya hapo yakiachwa kwenye kiwango cha awali. Ndiyo maana matrekta mengi ya nguvu 45 hadi 50 yameendelea kuwa mepesi kutengenezwa. Ukivuka mstari huo, unaweza kukuta mtambo wa kielektroniki ndani ya boneti inayofanana kabisa na ya mdogo wake.

Hilo linagusa pia mafuta. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa kwa afya ya watu. Mitambo ya kisasa ya Ulaya imeundwa kwa dizeli yenye salfa sehemu 10. Trekta lililotumika Ulaya likiwa na umri wa miaka michache linaweza kuwa na bei ya kuvutia mnadani, kisha likaanza kuziba vichujio katika msimu wake wa kwanza huku.

Ugeni wa jina nao una hatari yake. Tanzania ilipata mkopo wa Poland mwaka 2015, na matrekta ya Ursus yakaanza kuunganishwa Kibaha. Yalikuwa na sura ya kisasa na rangi ya kung'aa. Mwaka 2021 kampuni mama ya Ursus ilitangazwa kufilisika nchini mwake. Kibaha ilikuwa na historia: katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet ya Finland yaliunganishwa hapo hapo. Kiwanda kinapoyumba, swali linaloachwa kwa mkulima ni nani atakayemuuzia sahani ya klachi miaka mitano baadaye.

Wapo waliojaribu kuanza na karatasi tupu. Timu ya Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Profesa Noble Banadda aliyefariki 2021, ilibuni MV Mulimi, chombo cha magurudumu matatu cha kubeba mizigo, kusukuma maji na kupukuchua mahindi. Hakikuwa na urembo wowote, na hakikuuhitaji.

Kabla ya kulipa

Milima inayopanda kutoka Kasese na Bwera hailimiki kwa trekta, na jembe la mkono litaendelea kutawala huko kwenye kahawa. Trekta ni la tambarare: Mubuku, Kitswamba, mashamba ya pamba na mahindi kuelekea kusini. Lakini hata tambarare ina mitaro ya maji, kingo za barabara na njia za kupandisha mzigo, na matrekta ya kizazi cha MF 135 mara nyingi yana umbo jembamba na hayana kinga yoyote juu ya kiti. Kati ya mabadiliko yote ya sura yaliyotokea tangu miaka ya 1960, kile chuma kilichokunjwa nyuma ya dereva ndicho kilichookoa maisha mengi zaidi, na ndicho kinachong'olewa haraka zaidi pale kinapogusa matawi ya miembe. Kuwabeba abiria juu ya madigadi kunaondoa hata faida kidogo iliyobaki, kwa kuwa kinga hiyo humlinda mtu mmoja tu, aliyefunga mkanda kitini.

Kinga iliyotoka kiwandani hufungwa kwa bolti na huwa na bamba la kuonyesha imepimwa kwa trekta gani. Ile iliyochomelewa gereji inaweza kuonekana imara zaidi, lakini hakuna aliyeijaribu, na kuchomelea kunaweza kudhoofisha chuma.

Rangi mpya haipaswi kumtuliza mnunuzi. Boneti za kuiga na stika hupatikana madukani, na trekta la miaka 40 linaweza kutoka gereji likifanana na la mwaka jana. Bamba la namba ndilo la kusomwa kwanza, na namba hiyo ilinganishwe na hati. Kisha fundi, siyo muuzaji, afungue boneti. Mabomba membamba ya chuma yanayotoka kwenye pampu, kila moja kwenda silinda yake, ni dalili ya pampu ya kimakanika. Bomba moja nene linalogawa mafuta kwa silinda zote, pamoja na mafungu ya nyaya yanayoishia kwenye nozeli, ni dalili ya mfumo wa kielektroniki, hata kama boneti inafanana na ya trekta la mwaka 1975.

Nyuma, meno ya shafti inayozungusha mashine yakiwa yamelika na kuchongoka, saa za kazi zinazoonyeshwa kwenye dashibodi haziwezi kuwa chache. Jembe zito likiinuliwa na injini kuzimwa, haidroliki nzima hulishikilia angani kwa dakika kadhaa. Likianza kushuka mara moja, mafuta yanavuja ndani, na gharama yake ijadiliwe kabla ya fedha kutoka mkononi. Yote haya huchukua asubuhi moja, na Kasese mahali pazuri pa kuyafanya ni Januari au Februari, wakati mafundi wana nafasi na mvua za Machi bado hazijafika.